Paka wa Nyumba Tatu

Kitendawili.

Nimesikia umesema tega, ingawa umesema kwa uvivu. Haya. Ana nyumba tatu na hajajenga hata moja. Ana majina matatu na haitiki hata moja.

Fikiri kwanza. Usiniambie mume wa wake watatu. Huyo anaitika, tena mbio.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Bujumbura, nimeupokea. Nimekwenda Bujumbura, nimepikiwa maharage ya mawese kwa ndizi, nimevishwa kitenge, nimelala mchana kwenye kitanda cha wageni, nimerudi. Jibu ni paka. Na kwa kuwa mji umenipa bila kununa, na kisa chake nakupa.

Mtaa wetu uko kilimani. Ziwa lilipopanda na kuingia sebuleni kwetu kule Ujiji ya chini, tulikuja huku juu na vitanda vyetu, na mbuzi wetu, na bila kujua tukaja na papasi wetu. Papasi ni kupe wa ndani, anayejificha kwenye nyufa za ukuta. Anakuuma umelala, husikii, halafu unaanza kutetemeka kwa homa inayokwenda na kurudi kama mtu aliyesahau mwavuli. Miaka ile ya mwanzo hakuna nyumba ambayo haikukesha na mtoto mgonjwa. Ndipo likaja vumbi la mkono, dawa ya kumpaka mnyama. Tangu lije, papasi huku kwetu humpati hata wa dawa, na viroboto nao wameyeyuka.

Sasa huyu paka. Mimi nilimwita Karani, kwa sababu alikaa mlangoni akikutazama kama umechelewa kuleta kitu ofisini. Maalim Songoro, jirani yangu wa kushoto, mgane aliyestaafu ualimu, alimwita Sahibu. Na Chausiku wa kulia, mwenye chanja za kukaushia dagaa, alimwita Mwizi.

Ukimuuliza yeyote kati yetu kama paka ni wake, alikataa. Si kwa roho mbaya. Ni ile desturi ya chanja. Mnyama wako akila dagaa waliotandazwa juani, wewe unakwenda kukaa na fimbo chini ya chanja ya aliyeibiwa, unafukuza kunguru mpaka dagaa wakauke. Kila anayepita anakupa pole ya kukucheka. Fikiria Maalim Songoro, aliyesomesha nusu ya mtaa, amekaa pale na fimbo, na wanafunzi wake wa zamani wanapita. Kwa hiyo paka hakuwa wa mtu. "Huyu? Anapita tu," tulisema. Tulisema huku tumeficha kisahani nyuma ya mlango.

*

Asubuhi yenyewe ilikuwa nzuri, jua la upole. Mitumbwi isiyo na watu ilikuwa imekwisha kurudi na kumwaga dagaa kwenye matoroli, na matoroli yanajipandisha kilima taratibu, yanatoa mlio wao wa kuguna. Chausiku alikuwa anatandaza. Kila siku saa hiyo mtaa mzima ulimsikia: mwizi huyo, mwizi huyo, leo nitakutilia kitu, wewe subiri. Ilikuwa kama adhana ya pili. Siku hiyo alikuwa kimya.

"Leo hujaibiwa?" nilimuuliza juu ya ua.

"Labda amepata ajira," akajibu. Lakini hakucheka, na Chausiku ni mtu wa kucheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza.

Nilikwenda kufungua bomba la tangi, nikamkuta Karani chini yake. Masikio yalikuwa yanachezacheza kana kwamba yanafukuza nzi, na nzi hakuwepo. Udenda ulimtoka mpaka kifua kimelowa. Ngozi ya mgongo ilikuwa inakimbia, mawimbi mawimbi, kutoka shingoni mpaka mkiani. Nilipomwita akajaribu kuinuka. Miguu ya mbele ikashika njia yake, ya nyuma njia yake, akaanguka ubavu. Akanitazama.

Nilimviringisha kwenye kanga nikamwita Maalim. Alikuja kanzu ameivaa mkono mmoja, miwani imekaa upande.

"Sahibu," akasema, akapiga goti. Halafu akajirekebisha. "Yaani, huyu paka."

"Sema tu Sahibu, Maalim. Hakuna anayekuhesabia."

Nilimnusa mdomo. Ulinuka dagaa. Na wewe mwenyewe umesikia yale maneno ya kila asubuhi, kwamba atatiliwa kitu. Nami nikajumlisha. Nikarudi uani.

"Chausiku, umemlisha nini paka?"

"Nimlishe mimi? Mwizi analishwa?"

"Kila siku unasema utamtilia kitu."

"Da Mwasiti, mimi nasema mengi. Mwaka jana nilisema nitaolewa na rubani." Akapangusa mikono. "Ana nini?"

"Anatetemeka. Anatokwa na udenda. Hawezi kusimama."

Dagaa wakamponyoka mkononi. Alitazama kiganja chake, akatazama chanja, akanitazama mimi.

"Anakufa?"

"Wewe ndiye wa kuniambia," nikasema, nikaondoka. Nilikuwa na hakika nimeona uso wa mtu mwenye hatia.

*

Nilimpigia daktari wa mifugo, akatokea kwenye kioo cha ukutani kabla sijamaliza kueleza. Alisikiliza kidogo tu. "Msimpe maziwa. Msimpe mawese. Mlazeni chumba chenye giza, juu ya taulo lililolowa, na bibi, msimguse kwa viganja vitupu. Nakuja."

Maalim Songoro alikuwa anampapasa kichwani. Akaondoa mkono kama aliyegusa chungu cha moto. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuondoa wangu. Hatukuulizana kwa nini.

Daktari alikuja kwa bodaboda ya angani, na dereva wake akazunguka juu ya paa akilalamika kuhusu kuku wangu, mpaka nikawafukuza akapata pa kutua. Daktari mwenyewe anaitwa Nyamwiza, binti wa Kasulu, mrefu, ana mikono mikubwa ya kutuliza ng'ombe.

"Shikamoo bibi. Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Yumo ndani."

Alivaa glavu, akainama. Akauliza kimeanza lini. Nikamwambia nimemkuta asubuhi. Akauliza amekula nini. Maalim akasema dagaa, kama kawaida yake. Akauliza, "Na vumbi? Amepakwa vumbi lini?"

Mimi nilitazama dari. Maalim alitazama paka.

"Paka wa mtaani huyu," Maalim akasema. "Nani atampaka?"

"Hakika," nikasema. "Anapita tu."

Daktari alitoa tochi yake, ile nyembamba kama sindano ya kufumia, akazima taa ya chumba, akaipitisha juu ya manyoya. Vumbi la mkono ukilimulika kwa tochi ile linawaka. Karani aliwaka mgongo mzima. Sehemu nyingine kijani, sehemu nyingine rangi ya chungwa, na tumboni mpaka chini ya mapaja, samawati. Na pale rangi zilipokutana palikuwa panacheza, panarukaruka, kama mafuta yaliyodondokewa na maji.

"Paka asiye na mtu," daktari akasema polepole, "ana vumbi la mikono mitatu."

Hapo kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Chausiku, amekunja mikono, kanga imefungwa kiunoni.

"Nimekuja kumwona mwizi wangu anavyoishia," akasema. Akabaki pale pale.

*

Acha nikueleze vumbi, maana wewe umezaliwa limekwisha kuwepo na unaliona kama chumvi tu.

Unapewa kichupa chako. Unamimina kidogo kiganjani, unafumba mkono mpaka upate joto, na katika kusubiri huko vumbi linajifunza mkono wako: jasho lake, joto lake, mapigo ya damu. Ndipo unampapasa mnyama kutoka shingoni mpaka mkiani. Kila punje ni ndogo kuliko ya unga wa muhogo, na kila punje ina akili ya kazi moja. Kiroboto akiuma, punje zinamwangukia. Papasi akiuma, zinamwangukia. Na kila siku ukimpapasa mnyama wako, vumbi linakula joto la mkono wako na kutulia. Hakuna sindano, hakuna kidonge cha kumfunga paka kwenye taulo mkapigane.

"Vumbi halimjui paka," daktari alituambia, ameketi sakafuni na paka mbele yake. "Linajua mkono. Mnyama mmoja, mkono mmoja, ndivyo lilivyotengenezwa. Likikutana na vumbi la mkono mwingine, nashuku linalichukulia kama mate ya kupe. Linashambulia. Lile nalo linajibu. Mavumbi haya matatu yanapigana ndani ya ngozi yake, na moto wa vita hivyo unapanda kwenye mishipa ya fahamu. Ndiyo hii mnayoiona."

"Unashuku," Maalim akasema. Mwalimu hafi.

"Nashuku, babu. Hakika sina. Kule chuoni tulifundishwa mbwa wa mtu mmoja, paka wa mtu mmoja. Hakuna aliyetuambia kuna paka wa mtaa mzima. Lakini kwa dawa, ukishuku unasema, tena leo leo. Nikisubiri hakika, kuna paka wa Kibirizi na paka wa Mwanga wanaokula nyumba nne nne na wanapapaswa na wote, nao watakufa."

"Basi litoe hilo vumbi," nikasema.

"Halitolewi na mimi. Mkono uliolipaka ndio unaoliita. Na si yote matatu. Limekwisha kuingia kwenye damu. Likitoka lote kwa pamoja mwili wake unapoa, na kupasha tena hauwezi. Mawili yatoke, moja libaki. Litakalobaki ndilo la mwenyewe, na mwenyewe atampapasa kila siku, maisha yote ya paka huyu. Siku mkono ule ukikosekana kwa muda mrefu, vumbi litaanza kuutafuta, litachemka tena. Na paka siku hizi wanaishi miaka thelathini." Akafunua jicho la Karani kwa kidole. "Huyu bado kijana. Kwa hiyo nauliza, na muda hatuna. Paka huyu ni wa nani?"

Nje matoroli yalikuwa yanaguna. Karani akakunjamana, miguu yote minne ikakakamaa, kichwa kikaenda nyuma. Ilichukua muda mfupi, lakini nilijikuta nimeshika ukuta. Alipolegea, daktari alimpangusa mdomo.

"Mkono mmoja ni wangu," nikasema.

"Na mwingine ni wangu," Maalim akasema, karibu kwa pamoja nami. Tukatazamana. "Nilimpaka Ijumaa. Analala juu ya cherehani ya marehemu mke wangu, mchana kutwa. Nilimwogopea papasi."

"Mimi nilimpaka Alhamisi," nikasema. "Kwangu analala kwenye ungo."

"Ndiyo maana ana unga mkiani. Nilidhani ni uzee."

Daktari aligeuza uso. Nadhani alikuwa anacheka, na kama alikuwa anacheka simlaumu.

*

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo nilipokaa mwenyewe na moyo wangu.

Nilimtaka. Nilitaka vumbi langu ndilo libaki. Nilikwisha kumwona kichwani anakuja kwangu kila asubuhi kwa sababu mkono wangu unamvuta, anawapita wengine barabarani bila kuwasalimia. Lakini kushoto kwangu alikuwa Maalim, ambaye tangu azike mkewe, mazungumzo yake ya jioni yalikuwa na paka. Nami nina wajukuu wanaonipigia kelele kwenye kioo kila baada ya chakula.

"Chukua wewe, Maalim," nikasema.

"Mwasiti, nina miaka themanini na mbili."

"Na mimi sabini na tisa."

"Basi wewe ni msichana." Halafu akaacha utani. Aliinua mkono wake wa kulia, ule wenye mishipa iliyovimba kwa miaka ya chaki, akautazama pande zote mbili kama kitu cha kuazima. "Huu utafika naye wapi? Umemsikia binti. Mkono ukikosekana, vumbi linautafuta. Mimi nitakuwa nimelala zangu kwa raha, na yeye anachemka, ananitafuta nyumba hadi nyumba. Hapana. Mtu humpendi hivyo."

Hesabu yake ilikuwa hesabu yangu pia, tofauti ni miaka mitatu.

Kama ningesema wangu, wangenipa. Kulia kwangu daktari alikuwa anasubiri, na neno lilikuwa mdomoni. Ingekuwa miaka yangu ya mwisho mizuri sana, na ya paka ya katikati mibaya sana. Nikiliweka hivyo liko wazi. Lakini pale chumbani, na yule mnyama ananitazama kwa jicho moja, halikuwa wazi hata kidogo.

"Binti," nikasema, "niambie naliitaje."

Aliniambia nioshe mkono, niupashe joto kwa pumzi, niulaze karibu na manyoya bila kugusa. Nikafanya. Kwanza hakuna kitu. Halafu nikasikia mwasho mwepesi, na vumbi likaanza kupanda kiganjani, kijani kwenye mwanga wa tochi, la moto kama ufuta uliotoka kikaangoni. Lilikuja lote. Linatii, jamani. Nililirudisha kwenye kichupa alichonishikia daktari, na kiganja kikabaki kitupu, kizito zaidi kuliko kilipokuwa kimejaa.

Maalim akafuata. Lake lilikuwa la chungwa. Alisema maneno fulani chini ya pumzi, sikuyasikia wala sikutaka kuyasikia.

Ngozi ya Karani iliacha kukimbia mgongoni. Lakini tumboni samawati ilikuwa bado inaruka, inawatafuta adui walioondoka.

"Linahitaji mkono wake lipoe," daktari akasema. "Sasa hivi. Kama mwenye mkono huu hayuko mtaani, jioni hatumfikishi."

Niligeuka mlangoni. Chausiku alikuwa ameingiza mkono wa kulia ndani ya kanga, anausugua, anausugua. Nyuma yake watu walikuwa wamekwisha kujaa ukumbini, wale wale wanaosikia mwizi huyo kila asubuhi. Ningeweza kumtaja. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimemtaja mara moja, kwa jambo baya, bila hata kumkaribisha ndani.

"Chausiku," nikasema, "nilikudhania sumu. Nisamehe."

"Hukukosea sana," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia ndogo namna ile. "Nilisema nitamtilia kitu. Nikamtilia. Jumamosi."

Akavua kandambili, akaingia, akapiga magoti. Akapuliza kiganja chake, na kilinuka dagaa mpaka kwangu, akakilaza tumboni mwa paka. Tuliona samawati ikisita. Ikasogea chini ya vidole vyake, ikajikusanya, ikatulia kama maji ya mtungini. Masikio yakaacha kucheza. Daktari akamshika mapigo, akahesabu kimoyomoyo, mabega yake yakashuka. Baadaye kidogo, kutoka ndani ya yule paka, ukaanza ule mngurumo, wa kukwaruza mwanzoni, halafu wa kawaida.

"Kumbe anaimba," Maalim akasema. "Kwangu haimbi."

"Kwangu anaimba kwenye dagaa," Chausiku akasema, hakuinua kichwa. "Namwekea pembeni wale wakubwa. Halafu napiga kelele, watu wasijue."

Ukumbini mtu akakohoa cheko. Daktari Nyamwiza alikuwa amefungua kioo chake cha mkononi, anatuma kwa wakaguzi wa dawa taarifa ya vumbi linaloshukiwa kudhuru. Alitamka dalili moja moja kwa sauti, udenda, kutetemeka, kuyumba, kukakamaa, na kwamba mikono ilikuwa mitatu. Halafu akanyanyua kioo kuelekea kwetu.

"Kinataka kusikia kwa mdomo wa mwenyewe," akasema. "Narudia lile swali langu. Paka huyu ni wa nani?"

Mimi nilifunga mikono yangu nyuma. Maalim akatazama cheche za jua sakafuni. Chausiku aliendelea kupapasa, kutoka shingoni mpaka mkiani, tena kutoka shingoni, na uso wake ukaiva kwa aibu na kwa kitu kingine.

"Wangu," akasema. "Na chanja aliyoibia ni yangu. Kwa hiyo fimbo nileteeni mimi, nikakae chini yake. Maalim na da Mwasiti watakuja kuniletea chai, na wakija watamkuta."